Daftari la Ufunguo

Jumatatu, 11 Machi

Daktari wa meno amenipa daftari hili na maagizo mafupi: kila jioni nikishazungusha ufunguo niandike tarehe na kuweka alama ya vema. Basi. Kurasa tisini na sita kwa ajili ya alama ya vema. Nimeshona nguo miaka kumi na tisa na sijawahi kupewa kitambaa kirefu hivi kwa kazi fupi hivi, kwa hiyo nitaandika ninavyotaka, na alama yake nitamwekea mwishoni.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu ana miaka minane. Tunamwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hakupumzika tena, mpaka mwaka jana. Meno ya utotoni ya mbele yalipong'oka na ya ukubwani kuota, mdomo ukagoma kufumba sawasawa. Taya la juu ni jembamba, la chini limelizidi, kwa hiyo ili meno yakutane inabidi alisogeze la chini kushoto, kama mtu anayefunga droo iliyopinda. Mwenzake wa dawati moja akamwita Kaa, kwa kuwa anatafuna upande upande. Tangu siku hiyo Chiriku akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Na kucheka kwenyewe kumepungua.

Mama mkwe wangu, anayekaa nasi wakati mke wangu yuko masomoni mji mwingine mpaka katikati ya Mei, alisema tangu mwaka jana mtoto apelekwe. Mimi nikamjibu, "Mama, hayo ni meno ya mtoto, yatajipanga yenyewe." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa sijui kitu.

Leo ndiyo tumekwenda. Daktari ni binti mdogo kiasi kwamba nilimuuliza daktari mwenyewe atakuja saa ngapi. Akasema ameshafika, akanionyesha picha ya eksirei. "Taya la juu ni vipande viwili, vimeungana katikati kwa mshono," akasema. Neno mshono likaniamsha. "Kwa mtoto mshono huu bado haujashikana. Tukiusukuma taratibu sasa, unafunguka na mfupa mpya unajaza nafasi. Tukisubiri akue, utakuwa umefunga, na hapo ni kumpasua."

Akasema kazi ina awamu mbili. Sasa tunapanua taya. Kisha tunapumzika, meno mengine yaote. Akifika kama miaka kumi na miwili, ndipo anafungwa vyuma vya kuyapanga. Nikauliza kwa nini tusingoje tufanye yote kwa mkupuo.

"Fundi, sare ya mtoto wa miaka minane unaishonaje?"

"Naacha pindo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakua."

"Ndiyo hivyo," akasema. Sikuuliza tena habari za daktari mwenyewe.

Kabla ya kuanza alitaka kumpiga picha akiwa anacheka, ya kuweka kwenye faili. Chiriku akainua mkono. Picha ina vidole vinne na macho mawili makali. Daktari hakumlazimisha, aliibandika hivyo hivyo.

Chuma chenyewe kimegandishwa kwenye magego ya juu, na katikati, juu ya ulimi, kuna skrubu ndogo yenye matundu. Ufunguo ni waya mfupi wenye mpini. Unauingiza kwenye tundu la mbele, unasukuma kuelekea kooni mpaka tundu jingine litokee, unautoa. Mara moja kwa siku. Kila mzunguko ni robo ya milimita.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza. Nimemlaza Chiriku kwenye meza ya kukatia, hapa kibandani kwangu, taa ya cherehani nikaielekeza mdomoni. Mama mkwe ameshika kioo. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani, nimelikosa tundu mara tatu kama mwanafunzi.

Nimezungusha. Nimefanya kama ninavyofanya na skrubu ya kukaza uzi kwenye cherehani: unakaza, halafu unarudisha kidogo, isije ikang'ang'ania. Chiriku anasema hajasikia chochote. Huo ndio mkono wa fundi. Vema.

Jumatano, 13 Machi

Vema. Mate yanamtoka kama bomba bovu, na kila anaposema "sisi" inatoka "shishi".

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Vema.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Vema. Mama mkwe amempondea na kumsagia kila kilichomo nyumbani isipokuwa viti.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe ameanza. "Mkwe, mbona mtoto hasikii chochote? Daktari alisema atabanwa kidogo huku puani."

"Mama, ni kwa sababu nina mkono mwepesi."

"Mwepesi sana," akasema, akaenda zake na kioo chake. Mama mkwe ana namna ya kukubali jambo inayokufanya ujute kulisema. Vema.

Jumatatu, 18 Machi

Jana vema, leo vema. Mvua imeingia chini ya mlango, vitambaa nimevipandisha juu ya kabati.

Jumatano, 20 Machi

Vema. Jana pia vema. Hakuna anayesikia chochote.

Alhamisi, 21 Machi

Vema.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimeaibika vizuri, acha niandike yote.

Tulifika kliniki saa tatu tumelowa, mimi, Chiriku na mama mkwe. Daktari akamtazama Chiriku, akapima kwa rula yake ndogo, akatazama tena. Akanyamaza. Mimi nimewahi kunyamaza hivyo nikiwa na suruali ya mtu mkononi, najua maana yake.

"Haijafunguka," akasema. "Skrubu iko pale pale nilipoiacha. Kuna siku mliruka?"

Damu ikanipanda. Nikamwekea daftari mezani. "Alama kumi hizo, daktari. Hesabu."

Hakuhesabu, alisoma. Nilikuwa nimesahau kabisa yaliyomo humu. Alipofika pale ninapouliza daktari mwenyewe atakuja saa ngapi, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua ukurasa wa Jumanne, na kicheko kikakatika. Akaenda kabatini, akaleta taya la plasta lenye chuma kama cha Chiriku.

"Fundi, nionyeshe unavyofanya."

Nikaonyesha, kwa madaha.

"Tena, polepole."

Nikaonyesha tena.

"Hapo," akasema. "Hapo unaporudisha."

Kwenye cherehani, usiporudisha kidogo, uzi unakatika. Mkono wangu umefanya hivyo miaka kumi na tisa na hauniombi ruhusa. Kwenye mdomo wa mtoto, kurudisha kidogo ni kurudisha yote. Siku kumi nimekuwa nikisukuma ule mshono mbele na kuurudisha nyuma, kisha naweka vema.

Chiriku alikuwa bado amelala kwenye kiti, amesikia kila neno. "Kwa hiyo, baba, siku kumi nimetema mate bure?"

"Bure, mwanangu. Nisamehe."

Hakukasirika. Alimgeukia daktari na kuuliza lile ambalo mimi niliogopa kuuliza. "Na kama mshono umeshafunga?"

"Sijui bado," daktari akasema. Nilimheshimu kwa kutomdanganya. "Watoto wa umri wako wengi wao haujafunga. Tuanze upya, tufanye sawa. Siku kumi hizi zitatuambia."

Nilitoka nikiwa tayari kusemwa. Mwaka mzima nilimbishia mama mkwe, na sasa siku kumi juu yake. Alikuwa amekaa ukumbini, mkoba mapajani, daktari ametangulia kutoka na kumweleza. Nikainamisha kichwa.

"Angalau uliandika," akasema. "Daktari ananiambia, ungeweka alama tupu kama alivyokuagiza, angedhani mfupa ndio umegoma." Akasimama, akafungua mwavuli wake, akanifunika mimi kwanza. Tumekaa nyumba moja miezi mitatu, ndiyo mara ya kwanza nimemwona huyu mama alivyo.

Jumamosi, 23 Machi

Tumeanza upya. Mama mkwe amesimama karibu na kiwiko changu. "Usirudishe." Chiriku naye, mdomo wazi, "Uhiuyihe." Nikasukuma mpaka tundu jingine likatokea, jeusi, dogo kuliko kichwa cha pini. Nikatoa ufunguo mkono umekaza kama wa askari.

Chiriku akashika mzizi wa pua. "Baba, hapa panabana."

Nimefurahi mtoto wangu kuumwa. Mungu anisamehe. Vema.

Jumapili, 24 Machi

Usirudishe. Pamebana. Vema.

Jumatatu, 25 Machi

Usirudishe. Vema.

Jumanne, 26 Machi

Mvua kubwa, chini ya paa hatusikilizani. Mama mkwe amelazimika kupiga kelele "Usirudishe" mpaka mteja aliyekuwa ananirudishia gauni akaogopa, akaondoka nalo. Vema.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekata mikono miwili ya kushoto kwenye koti la mwalimu mkuu. Kichwa changu kimo ndani ya mdomo wa Chiriku mchana kutwa. Vema.

Jumapili, 31 Machi

Daktari alisema mshono ukifunguka, meno mawili ya mbele yataachana. Ndiyo dalili. Kila asubuhi najaribu kupitisha uzi kati yake. Uzi haupiti, unakwama. Leo ni mzunguko wa tisa na uzi umekwama.

Chiriku ameniuliza, "Baba, tungekwenda mwaka jana ungekuwa umeshafunguka?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nilimwambia kweli: sijui, lakini tungeenda mwaka jana nisingekuwa na hofu hii. Akanipiga piga begani kama mimi ndiye mgonjwa. Vema, na moyo mzito.

Jumanne, 2 Aprili

Umepita! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Chiriku mbele ya kioo akapiga ukelele, mama mkwe akatoka mbio mikono ina sabuni, mimi nimevaa mkono wa kushoto tu wa shati. Kati ya meno mawili ya mbele pana mwanya. Nikaleta uzi. Ukapita. Nikaukunja mara mbili, ukapita. Nikaukunja tena, nyuzi nne, zikapita zikigusa pembeni. Mshono haukuwa umefunga. Nimecheza pale ukumbini, mtu mzima mwenye shati nusu, na sijali nani aliona dirishani.

Nimelia na kucheka kwa pamoja. Niliogopa sana, sasa naweza kuandika: niliogopa kwamba ubishi wangu wa mwaka mmoja utamlaza mtoto kwenye meza ya upasuaji.

Mama mkwe hakucheza. Alimshika Chiriku kidevu, akautazama ule mwanya, kisha akafunua midomo yake mwenyewe. Ana mwanya wa kuzaliwa, mpana, unaosifiwa na kila mtu. Marehemu baba mkwe alikuwa akisema kwamba alioa mwanya, mke akaja nao.

"Huu wangu huu," mama mkwe akamwambia mjukuu wake. "Umechukua kwangu."

Chiriku akacheka. Mkono ukapanda kama kawaida, ukaziba. Lakini alicheka. Vema.

Ijumaa, 5 Aprili

Daktari amepima, ametabasamu mpaka magego. Amesema mshono umefunguka vizuri, tuendelee mpaka mzunguko wa ishirini na sita. Halafu akatia neno: mwanya utajifunga wenyewe, meno yatarudiana.

Kumbe nimeleta wapinzani wawili. Mama mkwe akasogeza kiti. "Mwanangu, daktari, kila kitu umefanya vizuri. Mwanya uache."

"Bibi, siuzibi mimi. Meno yenyewe yanajivuta."

"Yaambie yasijivute."

Chiriku akauliza kama mwanya utakuwepo mpaka tarehe kumi na nane Mei, siku mama yake anarudi. Hatujamwambia mke wangu habari za mwanya kwenye simu. Chiriku ametukataza, anataka amwonyeshe mwenyewe. Daktari akasema hawezi kuahidi. Vema.

Jumanne, 9 Aprili

Mwenzake wa dawati, yule aliyemwita Kaa, amekuja kibandani na Chiriku kuomba kuonyeshwa ufunguo. Mwaka mzima nimemwandalia maneno. Kumbe ni mtoto mdogo kama kidole, hana meno ya mbele hata moja, na aliuliza kama chuma kinauma kwa sauti ya mtu anayejua zamu yake inakuja. Nikampa kiti. Leo ameshika kioo yeye badala ya mama mkwe, na alisema "Usirudishe" kwa ukali kuliko sote. Vema.

Jumatano, 17 Aprili

Mzunguko wa ishirini na sita. Wa mwisho. Mwanya unapitisha nyuzi kumi na mbili. Mkono wangu umezoea kutorudisha kiasi kwamba leo nimekata uzi wa cherehani mara tano. Vema.

Ijumaa, 19 Aprili

Daktari amefunga skrubu isizunguke tena. Akamwambia Chiriku, "Uma." Chiriku akauma. Meno yakakutana, tak, moja kwa moja, bila taya kwenda kushoto. Akauma tena mwenyewe, tak, tak, kama mtu aliyepata kitasa kipya. Uso umekaa katikati. Nilikuwa nimesahau kwamba uso wake una katikati.

Nikasema, basi tumemaliza.

"Tumemaliza kukata, fundi," daktari akasema. "Kushona bado." Chuma kitakaa miezi sita mfupa ukomae. Kisha kitatoka, tutapumzika, tutakuja mara mbili kwa mwaka kuangalia meno yanavyoota. Vyuma vya kupanga baadaye, akiwa mkubwa. Huyu binti ameshajua lugha yangu, na mimi sasa namwamini kuliko ninavyoamini rula yangu.

Akamwomba picha nyingine. "Safari hii cheka." Chiriku akacheka, na mkono ukapanda. Daktari akapiga hivyo hivyo. Vidole vinne. Taya tumelipanua sisi. Mkono hauna ufunguo.

Jumatano, 24 Aprili

Nyuzi kumi.

Jumatano, 1 Mei

Nyuzi saba. Mvua inapungua, mwanya unapungua. Chiriku ananipimisha asubuhi na jioni.

Jumapili, 5 Mei

Nimemkuta nyuma ya mlango ameng'ata kifungo cha shati, amekichomeka kati ya meno ili yasikaribiane. Nilipofungua mdomo kumkaripia, nikamwona bibi yake pembeni ameshika kopo la vifungo, anamchagulia.

"Mama," nikasema.

"Nilikuwa natafuta chembamba," akasema. Nimelificha kopo.

Jumatano, 8 Mei

Nyuzi nne.

Jumatano, 15 Mei

Uzi mmoja, kwa shida.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi uzi haukupita. Nilijaribu ule mwembamba wa hariri, haukupita. Chiriku alikaa juu ya meza ya kukatia akalia kidogo, bila kelele. "Mama hataona kitu. Alikuwa mbali siku zote hizi na hakuna cha kumwonyesha." Nilitaka kumwambia ana taya jipya zima la kuonyesha, lakini mtoto haonyeshi mtu taya. Nikamfunga viatu tukaenda stendi, mimi, yeye na bibi yake.

Kulikuwa na mvua, labda ndiyo ya mwisho. Basi likaingia, mke wangu akashuka na mabegi mawili, na mimi, mume aliyemkosa mkewe miezi mitano, nikakimbia kumfunika na mwavuli. Upepo ukaugeuza. Ukawa bakuli. Ukajaa maji palepale, na nilipouinua juu ya kichwa cha mke wangu ukanimwagia mimi yote, kuanzia utosini, mpaka ndani ya shati jipya nililoshona kwa siku hiyo.

Chiriku akacheka.

Alicheka kutoka tumboni, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka chuma kikaonekana chote na skrubu yake, na mvua ikamwingia mdomoni naye akaendelea kucheka. Ni kile kicheko cha zamani, chenye mkoromo mwishoni. Nilisimama pale nikichuruzika, sikuthubutu kujipangusa, nisije nikakikatisha.

Mke wangu hakunitazama hata kidogo. Alisimama na mabegi yake akimwangalia mtoto. Alipoondoka nyumbani, alimwacha mtoto mwenye kiganja usoni.

"Mwanangu," akasema, "mkono wako uko wapi?"

Chiriku akajitazama. Mmoja ulikuwa umeshikwa na bibi yake. Mwingine ulikuwa umeshajishika kwenye begi la mama yake.

"Hii hapa," akasema. Kisha akaanza: kwamba alikuwa na mwanya, nyuzi kumi na mbili, ungeuona mama, kama wa bibi, umefunga leo asubuhi, leo leo, na kwamba baba alikosea siku kumi, na mwenzangu wa dawati anataka chuma kama changu, na nikiuma inalia tak, sikiliza, na nikifika miaka kumi na miwili nitafungwa vingine. Ameongea kutoka stendi mpaka nyumbani. Ameongea mezani. Naandika haya kibandani na bado namsikia ng'ambo ya ukuta, na mama mkwe amenijia mara mbili kuniomba nimnyamazishe, akijua vizuri kwamba simnyamazishi.

Vema.